Vaa Kandambili Kwanza: Makosa ya Kujitengenezea na Aibu Inayoyaficha

Matini ya mazungumzo na watumiaji wa huduma za nishati na maji, Tukuyu, Wilaya ya Rungwe



Tunafahamu kwamba wapo waliotoka Isongole, Kiwira, Katumba, Masoko na hata Mwakaleli, na kwamba wengi wenu mnatuzidi umri na uzoefu wa kujenga na kutunza nyumba. Hatukuja kuwafundisha kazi ya mikono. Tumekuja kuzungumza juu ya jambo ambalo aghalabu halizungumzwi: makosa yanayofanyika pale mtu anapojitengenezea mwenyewe nyumba au chombo chake cha moto, na zaidi ya hayo, aibu inayomfanya ayafiche.

Visa tutakavyovieleza havina jina la mtu wala mtaa. Ni visa vya mfano, tulivyovipanga kwa ajili ya kuelimishana. Kama kuna atakayejiona ndani yake, asidhani kwamba tumemlenga. Makosa haya ni ya watu wengi, na yanafanana toka nyumba moja hadi nyingine.

Kujitengenezea si kosa

Tuanze kwa kukiri ukweli mmoja. Mtu anayeshika bisibisi na kujaribu kurekebisha kilichoharibika nyumbani kwake si mjinga. Mara nyingi ana sababu nzuri. Fundi yuko mbali, mvua imekatisha njia, fedha iliyopo ni ya karo au ya mbolea, na kitu chenyewe kinaonekana kidogo. Zaidi ya hayo, fundi aliyekuja mara ya mwisho huenda alichukua malipo na kuacha kazi nusu. Hizo ni sababu za kweli, nasi hatuzidharau.

Tatizo linaanza baadaye, pale kazi isipokaa sawa. Mwenye nyumba anaona kwamba kuna jambo amelikosea, lakini keshatangaza mbele ya familia kwamba amemaliza. Kumwita fundi sasa ni kukubali kwamba alishindwa. Kwa hiyo hamwiti. Badala yake anatunga sharti. Anawaambia watu wa nyumbani, "Mkitaka kutumia kile, fanyeni hivi kwanza." Siku zinapita, sharti linazoeleka, na hakuna anayekumbuka tena kwamba chini ya sharti lile kuna hitilafu.

Tunaomba kila mmoja wetu ayapitie kichwani mwake masharti ya nyumbani kwake, kwa kuwa ndiyo yatakayotuongoza leo.

Sharti la kwanza: "Vaa kandambili kwanza"

Tukuyu ni mji wa baridi. Katika miezi ya Juni na Julai, maji ya bomba asubuhi yanauma mifupa, na si ajabu kwamba hita ndogo za bafuni, zile zinazofungwa kwenye kichwa cha bomba la kuogea, zimeenea kwa kasi. Hununuliwa dukani, na kwenye boksi kuna mchoro unaofanya kazi ionekane nyepesi.

Tumfikirie baba mmoja aliyenunua hita hiyo. Akaona soketi iko chumba cha pili, akatoboa ukuta, akavuta waya kutoka kwenye soketi ile hadi bafuni. Hita ilikuwa na nyaya tatu, na waya aliokuwa nao ulikuwa na njia mbili tu. Ule wa tatu, wa rangi ya kijani na njano, akaukunja na kuufunga tepu, kwa kuwa hita iliwaka vizuri bila huo. Maji yakatoka ya moto na familia ikafurahi. Wiki ya pili mama akasema kwamba akigusa koki anahisi kama sindano mkononi. Baba akajaribu mwenyewe, akaisikia. Hakusema alichokifikiri. Alisema, "Vaa kandambili kwanza."

Hapo kuna makosa mawili, na yote mawili yanaelezeka.

La kwanza ni waya mwembamba. Hita ya wati 5,000, kwa umeme wetu wa volti 230, huvuta karibu ampea 22. Soketi ya kawaida pamoja na plagi yake imetengenezwa kwa ampea 13. Hita ya namna hiyo inahitaji njia yake yenyewe kutoka kwenye ubao wa breka, yenye waya mnene unaolingana na mzigo huo. Ukiinyonyesha kutoka kwenye soketi, waya huchemka ndani ya ukuta usikouona, na soketi huanza kubadilika rangi kuwa ya kahawia.

La pili, na baya zaidi, ni ule waya wa tatu. Waya wa ethi hauwashi chochote, ndiyo maana watu huuona hauna kazi. Kazi yake ni kuchukua umeme uliovuja na kuupeleka ardhini kabla haujapita katika mwili wa mtu. Umeme unaoua ni mdogo mno. Breka ya ampea 20 haitashtuka kwa umeme wa sehemu ndogo ya ampea moja, lakini moyo wa binadamu unaweza kusimama. Kipo kifaa kinachokata umeme mara tu kinapogundua kwamba unavuja, na kile cha kulinda watu hukata kwenye kiwango cha miliampea 30. Ukijenga au ukikarabati, mwulize fundi wako kama kimo katika ubao wako. Kumbuka kwamba hakichukui nafasi ya ethi. Vyote viwili vinahitajika.

Sasa tuirudie kandambili. Baba anavaa, mama anavaa. Mtoto wa miaka minne atavaa? Shangazi aliyefika jana usiku kutoka Kyela ameambiwa? Sharti lile linamlinda anayelijua tu, tena kwa bahati, kwa maana kandambili iliyolowa ni kinga dhaifu sana.

Tuongeze kosa jingine la aina hiyo, ambalo hata watu wenye uzoefu hulifanya: kukosea rangi. Katika nyumba za zamani waya mwekundu ndio wenye moto, mweusi ni wa kurudisha, na wa kijani ni ethi. Katika nyaya za siku hizi wenye moto ni wa kahawia, wa kurudisha ni wa bluu, na ethi ni kijani na njano. Anayeunganisha waya mpya na wa zamani bila kujua hilo anaweza kuweka swichi kwenye njia ya kurudisha. Taa itawaka na kuzimika kama kawaida. Lakini hata ikiwa imezimwa, moto bado upo kwenye kishikio cha balbu, na anayepanda kiti kubadilisha balbu hajui. Kwa sababu hiyo, unapogusa chochote cha umeme, usitegemee swichi ya ukutani. Zima swichi kuu, kisha hakikisha kwa testa.

Sharti la pili: "Usipige pasi wakati jiko la umeme linawaka"

Sharti hili, kwa lenyewe, si baya. Nyumba nyingi zimefungwa nyaya kwa mahitaji ya taa na redio, na sasa zina friji, pasi, birika na jiko. Breka inapokatika, inatueleza kwamba mzigo umezidi uwezo wa waya.

Kosa hutokea pale mtu anapochoka kuirudisha breka kila jioni. Anakwenda dukani, anaomba kubwa zaidi, anaondoa ya ampea 20 na kufunga ya 40. Au ana ubao wa fyuzi za zamani, naye anaweka kipande cha waya wa shaba au msumari mahali pa fyuzi. Usumbufu unakwisha siku ile ile, na mwenye nyumba anajisifu.

Ndugu zetu, breka haikuwekwa ili kulinda pasi wala jiko. Iliwekwa ili kulinda waya ulio ndani ya ukuta na juu ya dari. Uwezo wa waya haukuongezeka kwa sababu breka imebadilishwa. Kilichoondoka ni mlinzi wake. Nyumba ikiwa na dari ya mbao, na juu yake kuna vumbi la miaka kumi, moto unaanzia mahali ambapo hakuna anayeona hadi moshi ushuke. Dawa ya breka inayokatika ni kuongeza njia nyingine ya waya, au kupunguza mzigo. Hakuna dawa ya tatu.

Hapa tutaje pia mita. Uniti za LUKU zinapoisha haraka kuliko kawaida, wapo wanaoifungua mita ili kuona ina nini. Mita na lakiri yake ni mali ya shirika la umeme, na kuichezea ni kosa chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Aidha, sababu ya uniti kuisha mara nyingi ipo upande wa ndani: hita inayowaka mfululizo, friji ambayo mlango wake haufungi, au waya unaovujisha umeme kwenye ukuta wenye unyevu. Jaribio rahisi lisilo na hatari ni kuchomoa vyombo vyote na kuzima taa zote, kisha kuangalia kama mita bado inahesabu. Ikihesabu, mwite fundi mwenye leseni akague nyaya. Isipohesabu, chomeka kifaa kimoja kimoja hadi ukipate kinachokula.

Sharti la tatu: "Usifungue gesi yote, inanuka"

Mitungi ya gesi, ya kilo 6 na ya kilo 15, imeingia katika majiko yetu mengi, na ni jambo jema kwa mapafu ya akina mama na kwa misitu ya Rungwe. Lakini mpira wa gesi ukilegea, watu huufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli au kwa waya wa kufungia nondo. Harufu ikipungua, wanaona kazi imekwisha. Ikirudi, linatungwa sharti: fungua kidogo tu.

Gesi yenyewe haina harufu. Hiyo tunayoisikia imetiwa kwa makusudi ili itutahadharishe. Nayo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo haipandi na kutoka dirishani. Hutambaa sakafuni na kukaa chini ya meza na kwenye pembe. Unaweza kusimama wima usisikie harufu kali, ilhali miguuni pako imejaa. Katika baridi yetu, ambapo milango na madirisha hufungwa mapema, hujikusanya upesi.

Yapo makosa mengine mawili ambayo watu huyaonea haya kuyasema. Moja ni kutafuta mahali panapovuja kwa kuwasha kiberiti. Panapovuja hupatikana, lakini kwa gharama ya uso na mikono. Tumia povu la sabuni: lipake kwenye kiungo na kwenye mpira, na pakitoa mapovu, ndipo panapovuja. Jingine ni la asubuhi za baridi, moto unapokuwa mdogo na mtu anadhani gesi imebaki chini. Anaulaza mtungi, au anauweka ndani ya maji ya moto, au karibu na jiko la mkaa. Mtungi ukilazwa, gesi iliyo katika hali ya maji huingia kwenye mpira, na moto hulipuka ghafla usoni. Mtungi ukipashwa moto, shinikizo ndani yake hupanda bila wewe kujua limefika wapi. Mtungi husimama wima wakati wote, mbali na joto.

Ukisikia harufu: funga valvu ya mtungi, zima moto wote, fungua milango na madirisha, usiguse swichi yoyote kuwasha wala kuzima, na watu watoke nje. Mpira na klipu vinauzwa kwa bei ndogo. Mpira ukipasuka au ukikakamaa, usiufunge, nunua mwingine.

Sharti la nne: "Weka beseni pale kwenye kona"

Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya ile ya Dodoma. Hapa paa baya halijifichi kwa muda mrefu.

Kosa la kawaida kuliko yote ni mahali pa msumari. Bati lina migongo na mabonde. Bonde hulala juu ya ubao, kwa hiyo msumari hukaza vizuri pale, na anayejiezekea mwenyewe huona hapo ndipo penye nguvu. Lakini maji ya mvua hupita bondeni. Msumari unapaswa kupigwa mgongoni mwa bati. Paa zima likiwa limepigiliwa mabondeni, mwenye nyumba hupanda kila mwaka na kopo la lami kuziba tundu moja moja, na kila anapokanyaga, bati hulegea na matundu huongezeka.

Tunalitaja hili kwa sababu moja: maji hayaishii kwenye beseni. Huteleza juu ya boriti hadi kwenye viungo vya nyaya juu ya dari, ambavyo mara nyingi vimesokotwa kwa mkono na kufungwa tepu. Kona yenye beseni ikiwa ni ile ile ambayo taa yake inapepesa wakati wa mvua, usisubiri mvua iishe. Zima swichi kuu na umwite fundi umeme kabla ya fundi bati.

Kuhusu bomba la maji, tutasema kwa ufupi. Kabla ya kukata au kufungua kiungo chochote, jua koki kuu iko wapi, na uhakikishe kwamba inafunga. Koki nyingi hazijaguswa tangu nyumba ijengwe, na zimekwama. Wengi hugundua hilo wakiwa na bomba lililokatwa mkononi na maji yakiwafikia magotini. Ijaribu leo, wakati hakuna haraka. Kilicho kabla ya mita ya maji ni cha mamlaka ya maji. Hicho toa taarifa, usikirekebishe.

Sharti la tano: "Kanyaga breki mara tatu"

Tumetoka ndani ya nyumba, tuingie kwenye gari. Mtu akikuazima gari na kukuambia, "Kanyaga mara tatu ndipo itashika," amekueleza hitilafu kwa lugha ya sharti.

Breki za gari hufanya kazi kwa mafuta yanayosukumwa ndani ya mabomba membamba. Mafuta hayabanwi, kwa hiyo nguvu ya mguu hufika kwenye magurudumu papo hapo. Hewa hubanwa. Ikiingia, mguu wa kwanza unabana hewa, wa pili unabana iliyobaki, na wa tatu ndio unaofika. Hewa huingia pale mtu anapobadilisha pedi au bomba la breki mwenyewe na asiitoe ipasavyo, au anapoacha mafuta yapungue hadi chini.

Baya zaidi ni kuongeza kisicho mafuta ya breki. Wapo wanaotia oili ya injini kwa kuwa zote ni mafuta. Oili hiyo huvimbisha mipira iliyo ndani ya mfumo, na baada ya muda mfumo mzima huharibika. Wapo wanaotia maji. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, huchemka kwenye nyuzi 205, na ya DOT 4 kwenye nyuzi 230. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, na huku kwetu juu mapema kidogo kuliko hapo. Breki zikipata joto, maji yale hugeuka mvuke, nao mvuke hubanwa kama hewa. Mguu unazama hadi sakafuni na hakuna kinachotokea.

Tunaifahamu njia yetu. Kutoka Tukuyu kupitia Ushirika hadi Kyela tunashuka takribani mita 1,000, kwa kona na miteremko. Gari lenye kasoro hiyo linaweza kuzunguka mjini mwezi mzima bila tatizo, kwa sababu safari ni fupi na breki hazipati joto. Mteremko ndio unaoifichua. Kwa hiyo gari la kukanyaga mara tatu lisishuke, hata kama ni mwenyewe anayeliendesha na analijua. Na lililo zima lishuke kwa gia ndogo, ili injini isaidie kulizuia.

Makosa mengine ya gari na pikipiki tuyataje kwa haraka. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, hususan penye mwinuko. Weka kigingi kwenye magurudumu yaliyobaki chini, na nguzo imara ya kulishikilia gari. Ukifunga tairi, kaza nati kwa kuvuka upande wa pili, usizifuatishe kwa mzunguko, na uzirudie baada ya kutembea kilomita chache. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Usivute petroli kwa mdomo. Ikiingia mapafuni ni hatari kubwa, na aliyeimeza asitapishwe, apelekwe hospitali. Usichungulie tangi la pikipiki kwa kiberiti au mshumaa. Na ukitia dizeli kwenye gari la petroli, au kinyume chake, usiliwashe. Kosa hilo, likisemwa pale pale kituoni, hutibiwa kwa kumwaga tangi na kulisafisha. Likifichwa na gari likawashwa, mafuta hayo huingia kwenye injini, na gharama huwa nyingine kabisa.

Swali la fundi

Siku inafika, fundi anaitwa. Swali lake la kwanza huwa, "Kuna mtu aliyeigusa?" Na jibu la wengi wetu ni, "Hapana, iliharibika yenyewe."

Jibu hilo lina bei. Fundi anayeamini kwamba hakuna aliyegusa ataanza kutafuta mahali pasipo na tatizo. Atatumia saa mbili kwa jambo la dakika kumi, na saa hizo utazilipa. Pengine atabadilisha kifaa kizima ambacho hakikuwa na ubovu. Na pengine atarekebisha kinachoonekana na kuacha kile ulichokificha, kisha aondoke akiwa ameidhinisha nyumba ambayo si salama. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika mambo ya umeme, gesi na breki, methali hiyo haina mafumbo.

Fundi aliyezoea kazi haoni ajabu. Amekuta misumari kwenye fyuzi na tyubu kwenye mpira wa gesi mara nyingi kuliko tunavyodhani. Mweleze mambo matatu: ulichokigusa, ulichokiondoa, na kilichobadilika baada ya hapo. Kama una vipande vilivyobaki, mwonyeshe. Kama ulipiga picha kwa simu kabla ya kufungua, ni bora zaidi.

Wenye nyumba nao wamsaidie aliyekosea aseme. Baba akisema, "Nadhani nimeikosea hii," asichekwe mezani. Kijana akisema kwamba ametia oili mahali pa mafuta ya breki, asifokewe kwanza. Nyumba ambayo kosa hupokewa kwa kicheko au kwa ukali hujifunza kuficha.

Tunachoweza kufanya wenyewe, na haki zetu

Zipo kazi ambazo mtu makini anaweza kuzifanya: kubadilisha balbu baada ya kuzima swichi kuu, kubadilisha mpira wa koki inayodondosha, kubadilisha mpira wa gesi na kuujaribu kwa povu, kusafisha mifereji ya paa, kupima upepo wa matairi, kupima oili, kuongeza maji ya rejeta injini ikiwa ya baridi, na kusafisha vichwa vya betri.

Kazi za kumwachia fundi ni hizi: kuongeza njia ya umeme, kufunga hita ya bafuni, kugusa ubao wa breka, kufunga ethi, na chochote kinachohusu breki na usukani. Mafundi umeme hupewa leseni na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, na leseni hizo zina madaraja na muda wa kuisha. Mwombe fundi akuonyeshe yake, na uangalie kama daraja lake linaruhusu kazi unayompa. Kumwomba leseni si kumdharau. Fundi halali huionyesha kwa hiari.

Nunua vifaa vyenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na udai risiti. Bila risiti ni vigumu kurudisha kifaa kibovu. Ukishuku kwamba bidhaa ni bandia, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye dhamana ya kushughulikia. Lalamiko linalohusu huduma ya umeme, maji au mafuta lipelekwe kwanza kwa mtoa huduma, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Usiporidhika na majibu, lilete EWURA. Moto ukitokea, piga 114, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Kazi ya jioni ya leo

Tunawaomba jambo moja tu mkifika nyumbani. Waiteni wote wa nyumbani, pamoja na watoto, na waulizeni: ni masharti gani tunayoyafuata hapa ambayo mgeni hayajui? Watoto watayataja haraka kuliko watu wazima. Yaandikeni kwenye karatasi.

Kwa kila sharti, jiulizeni mambo haya:

1. Sharti hili lilianza lini, na kabla ya hapo nani alirekebisha nini?
2. Mtu asipolifuata, atalowa tu, au ataumia?
3. Kama ataumia, tunaweza kuacha kukitumia kifaa hicho kuanzia sasa hadi fundi aje?

La kulowa linaweza kungoja fedha ipatikane. La kuumia lisingoje. Kuacha kuitumia hita ile hakuhitaji shilingi hata moja: zima breka yake, na kama haina yake, ichomoe kwenye soketi, kisha chemsheni maji kwenye sufuria kama zamani hadi kazi ifanyike ipasavyo.

Karatasi hiyo mpeni fundi siku atakayokuja. Itampunguzia kutafuta, nanyi itawapunguzia malipo.